Msuguano: Kutoka Mchanga wa Misri Hata Atomu

Msomaji wangu, weka kitabu hiki mezani, ukisukume kwa kidole kimoja. Kwanza kitakataa. Ukizidisha nguvu kidogo kitakubali, kitakwenda. Nawe ukiondoa kidole kitasimama palepale. Ni jambo dogo mno, hata yaweza kuonekana haya kulitaja mbele ya mwanafunzi wa shule ya sekondari. Lakini ndani yake mna maswali yaliyowasumbua wenye akili kwa zaidi ya miaka mia nne. Ni kitu gani hicho kikizuiacho kitabu, nacho chakaa wapi? Na ile nguvu uliyoitoa kidoleni imekwenda wapi?

Sehemu ya jibu wazee wetu waliijua tangu kale. Mtu aliyepekecha kijiti juu ya ubao mkavu mpaka ukatoka moshi, na baada ya moshi moto, hakuhitaji kufundishwa na mtu kwamba nguvu za mikono zageuka kuwa joto. Alilijua hilo kwa malengelenge ya viganja vyake. Jambo ambalo hakulijua yeye, wala wataalamu waliokuja baadaye, ni namna gani zageuka. Hilo ndilo ninalotaka kukusimulia.

Tuanzie Misri. Huko Deir el-Bersha kuna kaburi la mtawala mmoja aliyeitwa Djehutihotep, na katika ukuta wake palichorwa, yapata mwaka 1880 K.K., picha ya watu 172 wakivuta kwa kamba sanamu kubwa ya mawe. Sanamu hiyo imewekwa juu ya chombo cha mbao kisicho na magurudumu. Miguuni pa sanamu amesimama mtu mmoja akimimina maji mbele ya chombo. Kwa muda mrefu wengi walifikiri kuwa mtu huyo alikuwa akifanya ibada. Mwaka 2014 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Amsterdam waliburura mfano mdogo wa chombo hicho juu ya mchanga, wakaona kwamba mchanga mkavu hujikusanya mbele yake kama tuta, lakini ukitiwa maji ya kadiri chembe zake hushikamana, uso wake huwa mgumu, na nguvu ya kuvuta hupungua kwa nusu hivi. Maji yakizidi, faida hupotea. Basi yule mmiminaji alikuwa fundi, na yamkini aliokoa migongo ya watu wengi kuliko msimamizi wake alivyodhani.

Mafundi wa Misri walijua namna ya kuupunguza msuguano. Kuupima ni jambo jingine. Mtu wa kwanza tumjuaye aliyeupima ni Leonardo da Vinci, Mwitalia ambaye wengi wamjua kwa picha zake tu. Aliburura vipande vya mbao juu ya meza kwa kamba iliyopita katika kapi, na mwisho wa kamba akaning'iniza uzito. Akaona mambo mawili. La kwanza, uzito wa kitu ukizidi mara mbili, msuguano nao huzidi mara mbili. La pili, ambalo ni la ajabu zaidi, kitu kikilazwa kwa ubavu wake mpana au kikisimamishwa kwa ubavu wake mwembamba, msuguano ni uleule. Aliyaandika hayo katika madaftari yake, wala hakuyachapisha. Karatasi moja ya mwaka 1493 yenye michoro ya majaribio hayo imehifadhiwa katika jumba la makumbusho la Victoria and Albert mjini London. Katika miaka ya 1920 msimamizi mmoja wa jumba hilo aliitazama, akaiona kuwa ni michoro isiyo na maana. Ni mwaka 2016 tu ambapo Ian Hutchings wa Chuo Kikuu cha Cambridge alionyesha kwamba hapo ndipo Leonardo alipoziandika kwa mara ya kwanza kanuni za msuguano.

Kwa kuwa madaftari yalinyamaza, kazi ilibidi ifanywe upya. Mwaka 1699 Mfaransa Guillaume Amontons, aliyekuwa kiziwi tangu ujana wake, alizigundua kanuni zilezile bila kujua kwamba zilikwisha kugunduliwa. Alipozieleza mbele ya Akademia ya Sayansi ya Paris, wenzake hawakuona taabu kuikubali ile ya uzito, lakini ile ya upana waliitilia shaka. Mmoja wao, Philippe de La Hire, aliyarudia majaribio kwa mikono yake mwenyewe, akakuta Amontons amesema kweli. Usiwacheke mabwana wale. Twaa tofali, lifunge kamba, ulivute likiwa limelala, kisha ulivute likiwa limesimama kwa ubavu. Akili yako itakuambia kwamba likilala litashikwa zaidi, kwa maana limeigusa ardhi mahali pengi zaidi. Mkono wako utakuambia sivyo. Kanuni hii ilikaa miaka mia mbili na hamsini ikitumiwa na kila mhandisi bila kuelezwa vizuri na yeyote.

Aliyefuata ni Charles-Augustin Coulomb, yule yule ambaye jina lake utalikuta katika masomo ya umeme. Alikuwa mhandisi wa jeshi. Alikaa miaka mingi katika kisiwa cha Martinique akijenga ngome, akarudi kwao Ufaransa afya yake imeharibika. Mwaka 1779 alikuwa Rochefort, mji wenye karakana za merikebu za vita, na huko alipata kila alichokihitaji: mbao nzito, kamba, shahamu, na mafundi wa kumsaidia. Jambo lenyewe halikuwa mchezo wa darasani. Merikebu iliyokwisha kujengwa haina budi kuteremshwa majini, nayo ikikwama njiani, au ikitoroka kabla ya wakati wake, ni hasara kubwa. Akademia ilikuwa imeahidi tuzo kwa atakayeieleza habari hiyo, na mwaka 1781 Coulomb alikabidhiwa tuzo hiyo. Vipimo vyake vilikuwa bora kuliko vyote vilivyotangulia, na bado vinaheshimiwa.

Lakini alipotafuta sababu, alichukua ile iliyokuwa karibu. Uso wa kila kitu, hata ukionekana laini, una vilima na mabonde madogo. Vitu viwili vikilaliana, vilima vya hiki huingia katika mabonde ya kile. Ukitaka kukisogeza kimoja huna budi kukipandisha juu ya vilima vya mwenzake, na huko kupanda ndiko msuguano. Yaelekea hata wewe, msomaji, ungejibu hivyo. Ni jibu safi, lenye kueleweka. Nalo lina kasoro moja kubwa.

Kasoro hiyo aliiona Mskoti mmoja, John Leslie, akaiandika mwaka 1804. Hebu mfikirie mtu apandaye kilima kwa baiskeli. Huhema, hutoka jasho. Lakini afikapo kileleni na kuanza kuteremka, baiskeli hukimbia yenyewe na kumrudishia yote aliyoyatoa. Kama msuguano ni kupanda vilima tu, basi kila kilima kinachopandwa huteremkwa upande wa pili, na nguvu iliyokopwa hulipwa. Mwisho wa hesabu hapana kilichopotea, na kitabu chako kingeendelea kuteleza mezani hata kianguke upande wa pili. Leslie alikuwa amegusa mzizi wa jambo lenyewe: haitoshi kusema kitu gani kinazuia, yapasa kusema nguvu yapotelea wapi. Mimi naona kwamba Leslie hakupewa haki yake. Vitabu vya shule viliendelea kufundisha vilima na mabonde, na vingine vyafanya hivyo mpaka leo.

Palikuwa na dalili nyingine pia iliyopuuzwa. Karibu miaka themanini kabla ya Leslie, John Theophilus Desaguliers, mzaliwa wa Ufaransa aliyeishi Uingereza, alitwaa vitufe viwili vya risasi, akakata kila kimoja pande dogo ili kiwe na uso sawasawa, akavikandamiza pamoja huku akivisokota. Vilishikamana hata ikahitajika nguvu ya ratili nyingi kuvitenganisha. Laiti msuguano ungekuwa ukwaru tu, kila uso ulainishwapo ungepungua. Kumbe nyuso zilizolainishwa sana zaweza kung'ang'aniana zaidi. Desaguliers hakuweza kulilinganisha jambo hilo na kanuni ya upana, kwa kuwa mshikamano ungepasa kuongezeka pale nyuso zinapogusana kwa upana zaidi. Akaliacha hapo.

Fumbo la upana lilifumbuliwa na Frank Philip Bowden, mzaliwa wa Tasmania, pamoja na David Tabor, ambao kitabu chao kikubwa kilitoka mwaka 1950. Twaa mafenesi mawili, uyakutanishe. Kwa mbali yaonekana yamegusana sana, lakini ukichungulia waona ni ncha za miiba michache tu zilizokutana. Ndivyo zilivyo nyuso za chuma kilichong'arishwa: mahali pagusanapo kweli ni sehemu ndogo mno ya mahali paonekanapo kugusana, mara nyingi chini ya moja kwa elfu. Uzito ukiongezeka, ncha hizo hubonyea na mgusano wa kweli hukua. Basi tofali lililolala lina ncha nyingi zilizobonyea kidogo. Lililosimama lina ncha chache zilizobonyea sana. Jumla ya mgusano ni ileile, kwa kuwa uzito ni uleule. Kanuni iliyomshangaza La Hire ikawa nyepesi kama hesabu ya kujumlisha.

Bowden na Tabor walisema kwamba ncha hizo hushikamana, na kitu kikivutwa hukatika. Hivyo ndivyo vyuma vinavyolika. Lakini msuguano huwapo hata pale pasipolika kitu. Yako madini yaitwayo ulanga, ambayo yakipasuliwa vizuri hutoa uso ulio sawa mpaka kadiri ya atomu, pasipo kilima wala bonde. Nyuso mbili za ulanga zikilaliana zaweza kuteleza bila kuumizana, na bado zinazuiana. Hapo hapana miiba ya fenesi, hapana kinachokatika. Swali la Leslie likarudi vilevile.

Jibu lake lilikuwa limekwisha kuandikwa. Mwaka 1928 Mjerumani Ludwig Prandtl, na mwaka 1929 Mwingereza G. A. Tomlinson, kila mmoja kwa njia yake, waliufikiria msuguano wa atomu moja moja. Ili uwaelewe, chukua kitana, ukipitishe ukucha juu ya meno yake polepole. Kila jino hupinda, hupinda zaidi, kisha huponyoka ghafula na kutetemeka, nawe wasikia mlio. Mlio huo ndio nguvu yako ikipotea. Atomu iliyo juu ya uso wa kitu hufanya vivyo hivyo: hunaswa katika kibonde kati ya atomu za upande wa pili, huvutwa mpaka isiweze kustahimili, kisha huruka katika kibonde kinachofuata na kutetemeka, na kutetemeka kwa atomu ndiko tunakokuita joto. Mwendesha baiskeli wa Leslie, basi, hateremki kilima kwa utulivu. Akifika kileleni hutupwa bondeni, na alichokipata kwa kupanda humwishia katika kishindo.

Fikra hiyo ilikaa karibu miaka sitini bila kuonwa kwa macho, maana ni nani angeweza kuivuta atomu? Mwaka 1981 Gerd Binnig na Heinrich Rohrer, wakifanya kazi karibu na Zürich katika maabara ya IBM, walitengeneza hadubini isiyotumia mwanga, bali sindano ipitayo juu ya uso wa kitu ikitambua atomu zake. Mwaka 1986 walipewa Tuzo ya Nobel. Mwaka huohuo Binnig na wenzake wakatengeneza nyingine, ambayo sindano yake hupima nguvu. Mwaka 1987 C. Mathew Mate na wenzake huko California waliburura sindano ya tangsteni juu ya grafiti, na kuipima nguvu iliyoizuia. Sindano haikwenda moja kwa moja. Ilikwama, ikaruka, ikakwama, ikaruka, na kila mruko ulilingana na safu za atomu za grafiti, ambazo hufuatana kwa umbali wa robo ya nanomita hivi. Nanomita moja ni sehemu moja ya milioni ya milimita. Meno ya kitana cha Tomlinson yalikuwa yamehesabiwa.

Grafiti, msomaji, unayo mfukoni: ndiyo ile nyeusi iliyomo katika kalamu ya risasi. Imefanyika kwa matabaka ya atomu za kaboni zilizopangwa kwa umbo la pembe sita kama sega la nyuki, tabaka juu ya tabaka. Sasa nakuomba uyafikirie mabati ya kuezekea nyumba. Bati likilazwa juu ya bati jingine, migongo ikiingia katika migongo, hulisukumi kwa ubavu bila kulinyanyua. Lakini ligeuze kidogo, migongo ya juu ikatize ile ya chini, nalo litateleza kwa urahisi, maana halina tena bonde la kuingia. Mwaka 1990 Wajapani wawili, Motohisa Hirano na Kazumasa Shinjo, walionyesha kwa hesabu kwamba hata fuwele zaweza kufanya hivyo. Safu za atomu za juu zisipolingana na za chini, wakati wowote atomu hizi zinapanda na zile zinateremka, na zinazoteremka huwasukuma wenzao wanaopanda. Hapana mruko, hapana kishindo, na msuguano wapaswa kukaribia kutoweka. Hali hiyo kwa Kiswahili twaweza kuiita utelezi mkuu.

Ushahidi ulio wazi kuliko wote ulipatikana mwaka 2004 katika Chuo Kikuu cha Leiden, Uholanzi, kwa mikono ya Martin Dienwiebel, Joost Frenken na wenzao. Waliburura sindano ya tangsteni juu ya grafiti, kisha wakaigeuza grafiti kidogo, wakaburura tena, wakaigeuza tena. Katika pembe moja msuguano ulikuwa mkubwa. Walipoigeuza digrii chache tu, ukashuka hata karibu usipimike, ukakaa hivyo. Walipozidi kuigeuza hata ikatimia digrii 60, ukapanda tena kama mwanzo. Tafakari maana yake. Sindano ya tangsteni haina sababu ya kuzijali digrii 60. Lakini sega la pembe sita ukiligeuza digrii 60 hulingana na lenyewe. Wakatambua kwamba sindano ilikuwa imejibandika kipande kidogo cha grafiti chenye atomu mia moja hivi, na kwamba walichokuwa wakikipima ni grafiti juu ya grafiti: bati juu ya bati. Hapakubadilika kitu ila pembe. Uzito uleule, vitu vilevile, ulaini uleule. Msuguano ukatoweka, ukarudi.

Miaka michache baadaye ikaonekana kasoro. Kipande kidogo kama kile, kikiachwa huru, hujigeuza chenyewe mpaka safu zake zilingane na za chini, na hapo hunaswa. Watu wa Leiden walishirikiana na wenzao kuliandika jambo hilo mwaka 2008. Dawa mojawapo ni kulaliana kwa vitu viwili tofauti, ambavyo masega yao hayawezi kulingana hata yakigeuzwa vipi. Mwaka 2018 Quanshui Zheng wa Chuo Kikuu cha Tsinghua, China, pamoja na wenzake, waliilaza grafiti juu ya naitraidi ya boroni, ambayo sega lake ni kubwa kuliko la grafiti kwa chini ya mbili kwa mia. Tofauti hiyo ndogo ilitosha. Lakini vipande vyao vilikuwa vya kupimwa kwa sehemu za elfu za milimita, na gurudumu la lori si la kadiri hiyo.

Huenda ukauliza, kwa nini watu wenye elimu waishughulikie habari ya vipande visivyoonekana? Mwaka 1966 Peter Jost aliiletea serikali ya Uingereza taarifa iliyosema kwamba viwanda vya nchi hiyo vingeweza kuokoa zaidi ya pauni milioni 500 kila mwaka kama vingeuangalia vizuri msuguano na kulika kwa vyuma. Mwaka 2017 Kenneth Holmberg na Ali Erdemir walikadiria kwamba yapata sehemu moja kwa tano ya nishati yote inayotumiwa duniani hupotea katika kuushinda msuguano. Katika kila lita tano za mafuta, basi, moja yaenda kwa yule mgeni aliyekizuia kitabu chako mezani. Sisemi kwamba msuguano ungetoweka wote tungeneemeka. Aliyewahi kutembea katika tope la masika ajua ni msuguano unaomsimamisha, na breki za basi zashukuru vilevile.

Erdemir huyohuyo alikuwa miongoni mwa watu wa maabara ya Argonne, Marekani, ambao mwaka 2015 walijaribu kuutoa utelezi mkuu katika ulimwengu wa sindano na kuuleta katika ulimwengu wetu. Walitwaa chembe za almasi ndogo kupita kiasi, wakazichanganya na vipande vya tabaka moja moja la grafiti. Kitufe kilipoteleza juu yake, matabaka yalijiviringisha juu ya chembe za almasi kama mkeka uviringwavyo, yakawa magurudumu. Msuguano ulishuka hata ukawa sehemu nne kwa elfu za uzito, katika kitu kinachoonekana kwa macho.

Lakini haya yalifanyika katika hewa kavu ya naitrojeni. Hewa ikiwa na unyevu, matabaka hayajiviringishi, na utelezi hukoma. Ni ajabu, maana grafiti ya kawaida ina tabia iliyo kinyume: wakati wa Vita vya Pili vya Dunia brashi za kaboni katika mitambo ya umeme ya ndege zilisagika kuwa vumbi kwa muda mfupi kila ndege zilipopaa juu sana, na mwaka 1948 R. H. Savage alieleza kwamba grafiti hiyo hutaka mvuke wa maji ili iteleze. Hii yataka maji, ile yayakataa. Na hewa ya bandari ya Mombasa haijapata kuwa kavu hata siku moja. Injini za mashua zilizofungwa gatini huko zinaendelea kudai mafuta yao.